Skrubu ya Sailensi

Fundi magari wa miaka ya themanini alipimwa kwa bisibisi. Datsun 120Y au Peugeot 504 ililetwa inatetemeka, naye hakuuliza mengi. Alifungua boneti, akaiacha injini iungurume, akainama juu ya kabureta na kugusa skrubu mbili: ya mchanganyiko wa mafuta na ya sailensi, yaani mizunguko ya injini mguu ukiwa nje ya ekseleta. Alizungusha robo, akasikiliza, akarudisha kidogo. Mzee aliyenifundisha kazi, pale Gerezani, alikuwa anafumba macho kabisa. Mita hatukuwa nayo, na kwa kabureta hatukuikosa.

Hapa Kibamba, nilipo sasa, siku hizo palikuwa bado Wilaya ya Kinondoni, maana Ubungo haikuwa wilaya. Ni mikorosho na miembe kila upande, na magari ya Barabara ya Morogoro yalipita kwelikweli, hayakusimama. Lori lililokwama huku lilikuwa limechemsha au limepasua tairi. Mtu wa kulalamikia sailensi hukumpata, kwa sababu sailensi ni ugonjwa wa foleni. Ukitoka hapa hadi Magomeni bila kukanyaga breki, utajuaje kwamba injini haitulii?

Kumbe mbadala wa kabureta ulikuwepo zamani: Bosch walianza kuuza mfumo wao wa kupuliza mafuta kwa umeme (EFI) mwaka 1967, kwenye Volkswagen 1600. Ni mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na hapa kwetu kumiliki gari binafsi kulikuwa karibu jambo la kuombea radhi. Mlango ulifunguka kwa bajeti ya 1984, iliyomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa alizipata wapi. Mitumba ya Japani ikafurika miaka ya tisini: Corolla, Carina, Mark II. Ukifungua boneti unakuta 5A-FE au 1G-FE, nozeli zimejipanga, na kabureta hakuna.

Kwenye injini hizi sailensi inaendeshwa na kontroli boksi. Inasoma joto la maji, inasoma hewa, inaangalia kama mguu umetoka kwenye ekseleta, kisha inafungua au kufunga valvu ndogo iliyo kwenye throto ili hewa ipite pembeni. Skrubu iliyobaki ni ile inayozuia kipepeo cha throto kisigonge ukuta, na kiwanda hakikuiweka ili ichezewe. Ila skrubu ni skrubu. Kizazi chetu cha mafundi kiliiona kikaizungusha. Kipepeo kikabaki wazi kidogo, sensa ya throto ikaacha kutoa habari kwamba dereva ameachia ekseleta, na boksi ikawa haijui tena kama gari limesimama au linakwenda. Mshale wa RPM ukakaa 1,500, gari halizimi tena, mteja akashukuru. Alirudi mwisho wa mwezi kulalamikia mafuta.

Kibaya zaidi ni temostati. Mafundi wa kabureta waliing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba Dar ni joto, kifaa cha kuzuia maji yasipoe cha nini? Kwenye Datsun hasara haikuonekana sana. Kwenye EFI maji yakibaki baridi, boksi inaamini injini imewashwa sasa hivi: inaongeza mafuta na kupandisha sailensi. Gari linatoka Kibaha kwa kasi, upepo unapoza rejeta, likifika foleni ya Kimara linanguruma kama limetoka kuamshwa. Plagi nyeusi tititi.

Toyota kadhaa za miaka hiyo zina valvu ya nta inayopashwa moto na mipira miwili ya maji. Maji yakipungua, nta haipati moto na hewa inaingia nyingi. Boksi, ambayo sensa yake inasema injini ni ya moto, inaona mizunguko mingi huku ekseleta imeachiwa, basi inakata mafuta. Mizunguko ikishuka inarudisha. Ikipanda inakata tena. Mshale unapanda na kushuka bila kuchoka. Nimeona watu wamebadilishiwa pampu, koili, hata boksi yenyewe, kwa ugonjwa wa rejeta yenye upungufu wa maji.

Na kipimo kilikuwepo. Kwenye Toyota hizo kuna kisanduku cheusi ndani ya boneti, kifunikoni kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, unafungua swichi bila kuwasha, unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mbili, pumziko, mbili: 22, sensa ya joto la maji. 41 ni ya throto. Ikikonyeza mfululizo bila pumziko, boksi haijaona kosa. Hapo ndipo temostati iliyong'olewa ilipowashinda wengi: sensa ni nzima, inasema kweli kwamba maji ni baridi, kwa hiyo taa haisemi kitu.

Baadaye zikaja D4, injini kama 1AZ-FSE za Nadia na Noah, zinazopuliza petroli ndani ya silinda yenyewe. Mafuta hayaoshi tena migongo ya valvu, masizi yanajijenga, sailensi inapotea. Zilitukuta kwenye uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa, kabla mamlaka ya udhibiti, EWURA, haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa 2011. Pampu ya shinikizo kubwa haivumilii mafuta ya taa. Mpaka leo dalali anakutangazia Noah kwa kuanza na "siyo D4".

Bomoabomoa ya 2017, ya kupanua barabara kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, ilizisukuma gereji za kando ya lami ndani mitaani. Bisibisi zilihama nasi, na mazoea pia. Kijana wangu anasoma makosa kwenye simu, na kitu cha kwanza anachopima ni joto la maji. Juzi mteja wa IST alimwambia: "Dogo, toa hiyo temostati, Dar joto bwana."

"Bosi, hii haina. Ndiyo maana inakunywa."

"Sasa unanishauri nini?"

"Kanunue Gerezani, ya nyuzi 82. Na ile skrubu aliyoichezea fundi wako wa zamani tutairudisha."

Mteja akauliza kama kurudisha skrubu nako kunalipiwa.