Witu: Nchi Tunayoipita Njiani Bila Kuijua

Tulipokuwa shule ya msingi hapa Garsen tulikaririshwa nchi za Amerika ya Kusini: Brazil na mji wake mkuu, Argentina na ng'ombe wake, mto Amazon na misitu yake. Maksi nilipata. Lakini lau mwalimu angeniuliza kuhusu nchi iliyokuwa hapa mlangoni petu, yenye Sultani na hata stempu zake, ningeinamisha kichwa. Nchi hiyo ni Witu. Naam, Witu hiyo hiyo unayoiona dirishani mwa basi ukienda Lamu.

Hebu tuanze na ardhi. Ukitoka Minjila ukapita Gamba, unaacha mabonde ya Mto Tana na kuingia nchi ya misitu. Kusini yake kuna Kipini, ambapo mto huu, mrefu kuliko yote Kenya, unaingia baharini. Zamani Tana ilimwagika mbali zaidi upande wa kusini. Watu wakachimba mfereji wa Belezoni kuiunganisha na Mto Ozi, na baadaye mto wenyewe ukahamia huko. Kandokando ya maji Wapokomo wanalima mpunga na ndizi, na Waorma wanaleta ng'ombe kunywa wakati wa kiangazi. Wimbo wa taifa unaouimba kila siku, msomaji, sauti yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Mzee Meza Moroa Galana ndiye aliyehusika kuutoa, mwaka 1963.

Sasa historia. Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa jina la Simba, alikuwa wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate. Alikataa kuwa chini ya Masultani wa Zanzibar, akahamia bara, na kufikia miaka ya 1860 alikuwa amejenga Witu. Msitu ndio uliokuwa ngome yake. Wakamjia watu wa kila aina, wakiwemo watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi na Lamu. Hao watoro walipata mahali pa kulima na kuoa. Lakini tusidanganyane: watu wa Witu nao walivamia mashamba ya jirani, na utumwa ulikuwepo humo humo.

Kwa kuihofia Zanzibar, Simba alitafuta rafiki mwenye nguvu. Wakaja ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt. Aprili 1885 akawapa kwa mkataba maili 25 za mraba, na mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza kuwa Witu iko chini ya ulinzi wake. Mwaka 1889 zikachapishwa stempu zenye jina Suaheliland, yaani Nchi ya Waswahili. Kumbe mzee wa watu aliruka majivu akakanyaga moto!

Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba huko Berlin. Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu na kuikubalia ulinzi wa Zanzibar. Miongoni mwa ilivyopata ni Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita mbili za mraba. Wakati huo Simba alikuwa amekwishafariki na Fumo Bakari ndiye aliyekuwa Sultani. Yeye hakuulizwa.

Septemba mwaka huo Mjerumani mmoja, Küntzel, aliyekuja na wenzake kupasua mbao, alikosana na Sultani. Ikamwagika damu, naye na wenzake wakauawa. Oktoba wanajeshi wa Uingereza chini ya Admirali Fremantle wakauteketeza mji. Fumo Bakari alifariki mapema 1891. Fumo Omari akaendelea kupigana msituni, mpaka ngome za Pumwani na Jongeni zilipovunjwa mwaka 1893.

Msomaji, mbona nakusimulia haya? Kwa sababu mchezo ule wa karatasi bado haujaisha. Wengi wetu tunalima na kuchunga kwenye ardhi ambayo babu zetu waliizikwa, na hatuna hati hata moja. Halafu tukishakosa hati, tunageukiana sisi kwa sisi. Mwaka 2012 hadi mapema 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa Tana Delta, Mpokomo na Muorma, kwa sababu ya malisho, maji na siasa. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao: majina haya hakuna asiyeyajua hapa. Wengine waliouawa walikuwa watoto.

Witu ilijengwa na watu wasiokuwa wa kabila moja, na wote waliungua pamoja. Kwa hivyo, baada ya futari leo, kaa na mzee wako. Muulize shamba lenu lilianzia mti gani na kuishia wapi, na jirani yenu alikuwa nani. Andika jina la huyo jirani pia. Kisha mwende pamoja, wewe na mtoto wa jirani, mkaulize ofisi ya ardhi imeandikwa nini. Wallahi ni bora kuuliza mapema kuliko kusikia, kama Fumo Bakari, kwamba mambo yamekwisha.