Mji Uliofufuka na Watu Waliohama: Habari za Providence

Nyumba iliyochakaa ina fadhila moja ambayo nyumba mpya haina: mtu mwenye pato dogo huweza kuilipia kodi. Fadhila hiyo haionekani na mpita njia. Yeye huona ukuta uliopasuka, ngazi iliyolegea na rangi iliyobambuka, akasema mji umekufa. Kumbe ndani mna watu wanaopika, wanaolea watoto na wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Ndiyo sababu kila mji unapotaka kufufuliwa huzuka swali ambalo wajenzi aghalabu hawalipendi: unafufuliwa kwa ajili ya nani? Mji mmoja uliolijibu swali hilo mara nyingi, na kila mara kwa namna nyingine, ni Providence, makao makuu ya Rhode Island, jimbo lililo dogo kuliko majimbo yote hamsini ya Marekani.

Mji huu uliasisiwa mwaka wa 1636 na Roger Williams, mhubiri aliyefukuzwa Massachusetts kwa sababu ya itikadi zake. Alipata ardhi kwa Canonicus na Miantonomi, wakuu wa taifa la Wanarragansett, akaupa mji jina lenye maana ya majaliwa ya Mungu, akaufanya kimbilio la watu walioteswa kwa ajili ya dini. Walakini kimbilio la dhamiri halikuwa daima kimbilio la mwili. Wafanya biashara wake walitajirika kwa bahari, na sehemu ya utajiri huo ilitokana na biashara ya watumwa. Nyumba zao nzuri zilisimama mlimani, katika Benefit Street. Watu weusi waliopata uhuru walipanga vyumba mahali ambapo kodi ilikuwa ndogo na sifa ilikuwa mbaya. Mwaka wa 1824 kundi la wazungu lilivamia Hardscrabble, mtaa mmojawapo wa watu weusi, likabomoa nyumba zao. Mwaka wa 1831 ghasia zilitokea tena, safari hii Snow Town, karibu na mahali lilipo jengo la Bunge leo. Askari walipiga risasi, wakaua watu wanne miongoni mwa wafanya ghasia. Hofu iliyoletwa na mambo hayo iliwasukuma wenyeji kukubali serikali ya mji yenye meya, nayo ilianza mwaka wa 1832. Yaweza kusemwa basi kuwa serikali ya Providence ilizaliwa mlangoni pa nyumba ya maskini.

Katika karne iliyofuata mji ulinawiri kwa viwanda: nguo, vyombo vya fedha, mapambo na zana za chuma. Waireland, Waitalia, Wareno na watu wa visiwa vya Cape Verde walikuja kutafuta kazi, wakajaza nyumba za mbao za ghorofa tatu tatu zilizojengwa kwa ajili ya wafanya kazi. Mwaka wa 1900 Providence ulibaki peke yake kuwa makao makuu ya jimbo, cheo ambacho zamani uliushiriki na Newport. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1940 ilionyesha wakazi 253,504. Kisha maji yakaanza kupwa. Viwanda vya nguo vilikwenda majimbo ya kusini, ambako ujira ulikuwa mdogo; mwaka wa 1964 kampuni ya Brown & Sharpe, maarufu kwa zana zake, ilihamia nje ya mji; na motakaa ikawachukua wenye uwezo mpaka vitongojini. Mwaka wa 1980 walihesabiwa watu 156,804. Katika miaka arobaini mji ulikuwa umepoteza watu 96,700, kadiri ya wawili katika kila watano.

Wakati huo wa kupwa ndipo nyumba za fahari za Benefit Street zilipogeuka nyumba za makabwela. Vyumba ambamo matajiri walipokea wageni vilikatwa kwa mbao, kila kipande kikawa maskani ya jamaa nzima. Mabomba yalivuja, mapaa yaliinama, lakini kodi ilikuwa nafuu. Chuo Kikuu cha Brown, kilicho juu ya mlima huo huo, kilikuwa kikibomoa nyumba za kale ili kijenge mabweni. Mwaka wa 1956 wapenda historia waliunda Chama cha Hifadhi cha Providence kupinga ubomoaji. Mwaka wa 1959 chama hicho na idara ya mipango ya mji, kwa msaada wa serikali kuu, walitoa uchunguzi mashuhuri juu ya mtaa wa College Hill. Mwanahistoria wa majengo Antoinette Downing alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Nyumba moja moja ilipimwa na kupewa alama kwa umri wake, ufundi wake na hali yake; na shauri lililotolewa lilikuwa jipya kwa zama zile, zama ambazo dawa ya kila mtaa mchakavu ilikuwa tingatinga. Uchunguzi ulisema nyumba zikarabatiwe, zisibomolewe. Wenye mali walinunua nyumba nyingi, wakazitengeneza, na leo Benefit Street ni mojawapo ya njia zinazotembelewa sana na wapenda majengo ya kale.

Haki yataka kazi hiyo isifiwe. Lau tingatinga lingepita, kisingebaki cha kutazamwa wala cha kukalia. Lakini alama zile zilipewa kuta, hazikupewa watu. Nyumba iliyotengenezwa ilipanda thamani, na ilipopanda thamani mpangaji wa kale hakuiweza tena. Waliokuwa wakiishi humo, wengi wao watu weusi na watu wa Cape Verde, waliondoka mmoja mmoja, pasipo ghasia na pasipo risasi. Kile kilichofanywa Hardscrabble kwa marungu kilifanywa hapa kwa rangi mpya na hati za mauzo.

Jirani zao hawakupata hata upole huo. Lippitt Hill, upande wa kaskazini, ulikuwa mtaa wa watu weusi kwa miaka mingi, wenye makanisa, maduka na vinyozi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulibomolewa chini ya sheria ya kufanya miji upya. Mahali pake pakajengwa maduka na nyumba za kupanga ziitwazo University Heights. Fox Point, upande wa kusini, ulikuwa mtaa wa bandari. Huko waliishi watu wa Cape Verde, makuli wa gatini ambao mwaka wa 1933 waliunda chama chao cha wafanya kazi, Local 1329. Jahazi la Ernestina lilikuwa likivuka Atlantiki kutoka visiwani kwao mpaka Providence kwa matanga, na safari yake ya mwisho ya namna hiyo ilikuwa mwaka wa 1965. Barabara kuu ya magari iliutenga mtaa na maji; kisha wanafunzi na walimu wa chuo wakahitaji vyumba, kodi ikapanda, na katika miaka ya 1960 na 1970 jamaa moja baada ya nyingine ikahama. Mwaka wa 2006 Claire Andrade-Watkins, mwanahistoria aliyetoka katika jamii hiyo, alitoa filamu juu ya mtaa huo. Filamu yaweza kuhifadhi sura za watu. Haiwezi kuwarudishia anwani.

Hata hivyo mji ulijifunza. Katikati ya miaka ya 1970, upande wa South Providence ambako nyumba zilikuwa zikiachwa wazi na kuteketea kwa moto, wenyeji waliunda chama kiitwacho SWAP, kilichochukua nyumba zilizotelekezwa na kuwapa watu wa kawaida wazitengeneze na kuzimiliki. Mwaka wa 1980 Chama cha Hifadhi chenyewe kilianzisha mfuko wa mikopo ya riba ndogo kwa wenye nyumba za kale katika mitaa ya makabwela. Jambo hili ni dogo kwa kulitazama, lakini lina tofauti kubwa na lile la Benefit Street. Kule fedha zilimfuata mnunuzi aliyetoka nje. Huku zilimfuata mtu aliyekuwa ndani tayari. Kule nyumba iliponywa na mwenyeji akaondoka; huku mwenyeji alipewa uwezo wa kuiponya nyumba yake mwenyewe.

Ufufuo ulio maarufu zaidi ni ule wa mito. Katikati ya mji mito miwili, Woonasquatucket na Moshassuck, hukutana na kuwa mto mmoja. Nayo ilikuwa imefunikwa kwa barabara na viwanja vya kuwekea magari hata mtu aweza kupita juu yake asijue kuwa yu juu ya maji. Katika miaka ya 1980 reli ilihamishwa, na kwa ramani za msanifu William D. Warner mito ikafunuliwa na kuelekezwa upya, sehemu kubwa ya gharama ikitoka katika fedha za barabara za serikali kuu. Bustani ya Waterplace ilifunguliwa mwaka wa 1994, na mwaka huo huo msanii Barnaby Evans aliwasha mioto ya kwanza juu ya maji, tamasha liitwalo WaterFire ambalo liliwavuta watu katikati ya mji usiku. Meya wa siku nyingi, Vincent Cianci, alijitwalia sifa kubwa ya mambo haya, mpaka mwaka wa 2002 mahakama ilipomtia hatiani kwa kula njama za uhalifu. Ni jambo la kufikirisha kwamba uchimbaji uliofanywa kwa ajili ya kuhamisha reli ulifukua vigae vya sahani, chupa na vyombo vya watu wa Snow Town. Mji uliokuwa ukijitengenezea uso mpya ulikuta chini ya miguu yake jiko la maskini wake wa kwanza.

Mfano wa wasanii huonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Viwanda vitupu vya nguo viliwapa vijana wachoraji na wapiga muziki nafasi kubwa kwa kodi ndogo. Toka mwaka wa 1995 kundi moja liliishi katika kiwanda cha kale huko Olneyville, wakakiita Fort Thunder, na michoro yao ikajulikana mbali. Mwaka wa 2001 walitolewa, na mwaka uliofuata jengo likabomolewa ili pajengwe maduka. Kundi jingine, AS220, lililoanzishwa mwaka wa 1985, lilifuata njia nyingine: mapema katika miaka ya 1990 lilinunua jengo bovu katika Empire Street, na baadaye majengo mawili zaidi, likapangisha vyumba vya kulala na kufanyia kazi kwa bei nafuu. Makundi yote mawili yalikuwa na vipaji, na yote mawili yaliupa mji jina. Moja limebaki kumbukumbu na jingine limebaki mlangoni kwake. Sababu si sanaa. Sababu ni hati ya umiliki.

Hesabu ya mwaka wa 2020 ilionyesha watu 190,934. Mji umejaa tena, na miongoni mwa waliokuja wamo watu wa Jamhuri ya Dominika, Guatemala, Liberia, na wakimbizi wa Kongo ambao baadhi yao huzungumza Kiswahili. Lakini vyumba havikuongezeka kwa mwendo wa watu, na kodi imekuwa mzigo hata kwa mwenye kazi. Arcade, soko la ghorofa lililojengwa mwaka wa 1828, lilifunguliwa upya mwaka wa 2013 likiwa na vyumba vidogo mno vya kupanga juu ya maduka, navyo viligombewa. Mwaka huo huo benki iliyokuwa mpangaji wa mwisho iliondoka katika jengo refu kuliko yote mjini, lililojengwa mwaka wa 1928, likabaki tupu. Mapatano yaliyotangazwa mwaka wa 2022 yalisema litageuzwa nyumba 285 za kupanga, na moja katika kila tano itakuwa ya bei nafuu. Kwa miaka mingi, basi, mtu aliyetafuta chumba Providence aliweza kuinua macho akaona ghorofa ishirini na sita zisizo na mkazi.

Historia hii haifundishi kwamba mji uachwe uchakae ili maskini wapate pa kukaa. Uchakavu una moto wake, baridi yake na maradhi yake, na hapana mtu aliyeuchagua kwa kuupenda. Inafundisha kwamba unafuu uliotokana na uchakavu peke yake ni wa kuazima, na siku ya ukarabati mwenyewe huudai. Mitaa ambayo watu wake walipata hati, mkopo au chama cha kumiliki kabla ya nyumba kupendeza ilifufuka pamoja na watu wake. Mitaa iliyongojea nyumba zipendeze kwanza, ndipo watu wafikiriwe, ilipata nyumba tu. Mji ulioitwa kwa jina la majaliwa ulipaswa kulijua hilo mapema: Mungu hutoa majaliwa, bali hati ya nyumba huandikwa na wanadamu.