Wosia wa Mzee Arden: jinsi ukoo wa mkulima unavyosomwa kwenye makaratasi

Testi zimeisha, bumu bado, kwa hiyo tuna muda wa kuongelea mambo ambayo hayatatoka kwenye mtihani. Juzi kwenye semina lilizuka swali: hivi mtu wa kawaida, siyo mfalme wala jemadari, historia yake inapatikana wapi? Mmoja akasema haipatikani, basi. Nimeona nijibu kwa mfano wa mbali kidogo, Uingereza ya miaka ya 1500, kwa ukoo ambao mjukuu wao wote tunamjua: William Shakespeare. Leo siongelei tamthilia zake. Naongelea babu zake, ambao walikuwa wakulima tu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Kule kijijini kulikuwa na ngazi. Juu wapo wenye vyeo na mabwana wa ardhi. Chini wapo vibarua. Katikati kuna mkulima mdogo, na juu yake kidogo kuna mkulima aliyejitosheleza, ambaye Waingereza walimwita "yomani". Kipimo kimoja kilikuwa ardhi: kwa sheria ya mwaka 1430, mwenye ardhi yake huru inayoingiza shilingi 40 kwa mwaka ndiye aliyeruhusiwa kuchagua wabunge wa wilaya yake. Yomani halisi alikuwa mtu wa aina hiyo. Analima mwenyewe, mikono ina sugu, lakini hampigii mtu magoti kuomba unga.

Sasa vifaa vya kazi ni viwili. Cha kwanza ni rejesta za parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Cha pili ni wosia. Mtu akifa na mali, wosia wake ulipelekwa mahakama ya kanisa kuthibitishwa, na pamoja nao majirani waliandika orodha ya mali yake, kitu kwa kitu na thamani yake. Mahakama za kanisa ziliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1858. Yaani zaidi ya miaka 300 ya karatasi za marehemu zimekaa zinasubiri msomaji.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kuanza na unachokijua na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Usiruke. Haya, twende.

Rejesta ya Stratford inasema tarehe 26 Aprili 1564 alibatizwa William, mwana wa John Shakespeare. Basi! Mama hatajwi. Ndivyo rejesta nyingi za wakati ule zilivyokuwa: mama amebeba mimba miezi tisa, karani anaandika jina la baba peke yake. Sasa mama tunamjuaje? Tunamjua kwa kesi. Mwaka 1588 John alifungua shauri la ardhi, na hati ya madai inamtaja John, mke wake Mary, na mtoto wao William, na inahusu ardhi iliyoko Wilmcote. Wilmcote ni kijiji cha jirani. Ukienda Wilmcote kwenye wosia unamkuta mzee Robert Arden mwenye binti anayeitwa Mary. Mnyororo umeunganika.

Wosia wa mzee Arden una tarehe 24 Novemba 1556. Wadau, huu ndio utamu wenyewe. Mzee alikuwa na mabinti 8, hana mtoto wa kiume, na alikuwa ameoa mara ya pili, mjane anayeitwa Agnes aliyekuja na watoto wake. Mnaona picha. Mke mpya kwenye nyumba ya mabinti wa mke wa kwanza. Hakuna anayehitaji kusimuliwa hali ya hewa jikoni.

Mzee naye aliiona. Anamwachia Agnes paundi 6, shilingi 13 na peni 4, lakini kwa sharti: amwache binti yake Alice atumie kwa amani nusu ya shamba la Wilmcote. Akikataa, fedha inashuka mpaka paundi 3, shilingi 6 na peni 8, yaani nusu kamili. Huyu ni mtu yuko kitandani anakufa, na anajua kabisa ugomvi utaanza akishafukiwa. Hakuandika kwamba alikuwa na wasiwasi. Lakini sharti lile ni wasiwasi wenyewe.

Halafu anakuja Mary. Anapewa shamba linaloitwa Asbies pamoja na mazao yaliyomo, na paundi 6, shilingi 13 na peni 4. Kiasi hicho cha ajabu kinajirudia kwenye wosia nyingi za wakati huo kwa sababu watu walihesabu kwa maki, na maki moja ilikuwa theluthi mbili za paundi. Maki 10 zinatoa kiasi hichohicho. Kubwa kuliko fedha ni hili: Mary na Alice ndio waliopewa kazi ya kutekeleza wosia. Siyo mke, siyo mkwe, siyo mjomba. Mabinti wawili ambao hawajaolewa.

Majirani nao hawakusahaulika. Kila nyumba ya parokia isiyokuwa na wanyama wa kulimia ipewe peni 4. Kwa sentensi hiyo moja tunajua kijiji kilikuwa na waliokuwa na jembe la kukokotwa na waliokuwa hawana, na kwamba mzee alijihesabu upande gani.

Orodha ya mali iliandikwa Desemba mwaka huohuo. Maksai 8, ng'ombe wengine, farasi, kondoo, nguruwe, nyuki, kuku. Ndani ya nyumba kulikuwa na vitambaa 11 vilivyochorwa picha vya kutundika ukutani, pambo la mtu asiyeweza kununua mazulia ya kifahari lakini asiyetaka ukuta mtupu. Jumla paundi 77, shilingi 11 na peni 10.

Tuitazame familia ya upande wa pili. Richard Shakespeare, babu wa kiumeni, alikuwa mkulima wa Snitterfield, na ardhi aliyokuwa akilima alikuwa ameipanga. Kwa nani? Kwa Robert Arden! Richard alifariki kabla ya Februari 1561 bila kuacha wosia, na mwanawe John akapewa usimamizi wa mirathi. Mali yake ilihesabiwa paundi 38 na shilingi 17. Linganisha mwenyewe: ni kama nusu ya mali ya Arden. Kwa hiyo John, mtoto wa mpangaji, alimuoa binti wa mwenye shamba. Huyo John tunamkuta mjini Stratford mara ya kwanza Aprili 1552, na kilichomwingiza kwenye historia ni faini ya shilingi moja kwa kurundika samadi barabarani, mtaa wa Henley. Msicheke. Bila samadi ile tusingejua kwamba mwaka ule tayari alishahamia mjini.

Walioana lini? Cheti hakuna. Lakini wosia wa Novemba 1556 unamtaja Mary kama binti asiye na mume, na mtoto wao wa kwanza, Joan, alibatizwa Septemba 1558. Ndoa imo humo katikati. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: karatasi mbili zinakubana mpaka ukweli unakosa pa kutokea.

Mitego ipo. Wa kwanza ni mwaka. Mpaka mwaka 1752, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mapacha wa William, Hamnet na Judith, walibatizwa tarehe 2 Februari. Rejesta inaandika 1584, kwa hesabu yetu ni 1585. Ukichanganya hapo, unakosea mwaka mzima. Wa pili ni majina. Mke wa William tunamwita Anne Hathaway, lakini wosia wa baba yake Richard Hathaway wa mwaka 1581 unamwita Agnes. Kwa Waingereza wa wakati ule majina hayo mawili yalichukuliwa kuwa jina moja. Na jina la ukoo ndiyo usiseme, kila karani na tahajia yake.

Wa tatu ndio mbaya zaidi: tamaa ya kuwa na babu mkubwa. Kulikuwa na ukoo wa kifahari wa Arden wa Park Hall. Kila mtu angependa mkulima wa Wilmcote awe tawi lao. Hati ya mwaka 1501 inatupa Thomas Arden wa Wilmcote akinunua ardhi Snitterfield pamoja na mwanawe Robert, na mnyororo wa uhakika unakomea hapo. Mwaka 1599 familia ilipoomba nembo ya Arden iunganishwe na ya kwao, maafisa wa nembo walianza kuchora ile ya Park Hall, kisha wakaifuta na kuchora nyingine. Hata wao walisita.

Na kama mnadhani simulizi za wenyeji hazikosei, sikilizeni hili. Kwa takriban miaka 200 watu walizuru nyumba moja pale Wilmcote wakiambiwa ndipo alipokulia Mary Arden. Chanzo chake alikuwa John Jordan, mwenyeji wa Stratford aliyependa kuwaongoza wageni, mwishoni mwa miaka ya 1700. Mwaka 2000 utafiti wa hati za ardhi ulionyesha kwamba nyumba ile ilikuwa ya jirani, Adam Palmer. Ya Arden ilikuwa ya pembeni yake, ambayo watu walikuwa wakiipita tu.

Na lile shamba la Asbies? Novemba 1578 John alikuwa amekwama kifedha. Akaliweka rehani kwa shemeji wa mkewe, Edmund Lambert, kwa paundi 40. Muda wa kulikomboa ulifika mwaka 1580, likabaki kwa Lambert. Ndiyo hiyo kesi ya 1588, na wakarudi tena mahakamani mwaka 1597. Hawakulipata kamwe. Shamba ambalo mzee alimwachia binti yake kwa jina, pamoja na mazao yakiwa bado shambani, liliondoka kwa deni la mume. Kisheria mwanamke akiolewa mume ndiye mwenye usemi juu ya mali, hivyo sauti yake Mary kwenye suala lile haipo mahali popote. Tunachokiona tena ni maziko yake, tarehe 9 Septemba 1608. Karani ameandika jina na neno "mjane".

Lakini tazameni kinyume chake: ni kwa sababu shamba lilipotea ndipo ikawepo kesi, na ni kwa kesi hiyo Mary anaunganishwa na mwanawe kwenye karatasi. Amani haiachi nyaraka. Kinachoacha nyaraka ni kifo, deni, kodi na ugomvi. Ndiyo maana yomani anaonekana, na yule jirani aliyepewa peni 4 haonekani. Hakuwa na cha kurithisha, kwa hiyo hakuna aliyekaa kuhesabu vyungu vyake. Hata jina lake mzee Arden hakuliandika.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule ndugu wa semina ni kwamba historia ya mtu wa kawaida inapatikana, ila imejificha kwenye makaratasi ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya historia. Sharti la wosia, orodha ya kuku, faini ya samadi. Ukiyasoma kwa haraka ni takataka. Ukiyapanga, unamwona baba anayewaogopea binti zake.

Kama nyumbani kwenu kuna bahasha kuukuu yenye risiti za shamba, kadi ya ubatizo au barua ya mirathi, msiiache iliwe na mchwa. Muulizeni bibi jina la kila mtu aliyemo humo, muandike na tarehe. Na wale ambao hawamo kwenye bahasha, muulizeni hao kwanza.

Tuonane wiki ijayo, bumu likiwa limetoka inshallah.