Ulevi wa mzazi na athari zake kwa watoto

Ulevi wa mzazi ni utegemezi wa pombe unaovuruga malezi ya mtoto. Madhara huweza kuanzia tumboni: pombe anayokunywa mjamzito hudhuru ubongo wa kijusi, na dhara hilo halifutiki. Nyumbani mtoto huishi kwa kubahatisha, leo kubembelezwa, kesho kipigo, na mara nyingi kifungua mimba ndiye hugeuka mlezi wa wadogo zake.

Katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, Tanzania, Malolo ikiwamo, tatizo lina msimu wake. Korosho zikivunwa, mabibo hukamuliwa na kuchachushwa kuwa uraka. Ukichemshwa na mvuke wake kupozwa, hupatikana nipa, pombe kali ya magendo. Fedha za mnada wa korosho nazo huingia kipindi hichohicho, hivyo sare na madaftari ya Januari hushindana na kilabu.

Mtoto wa mlevi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mlevi, ingawa wengi hawawi, hasa wakiwa na bibi au mjomba mwenye msimamo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabana wazazi kumtunza mtoto. Taarifa za mtoto asiyetunzwa hupokelewa na ofisa ustawi wa jamii au kwa simu 116, bila malipo.