Kutoka Langoni Hadi Kwenye Data: Jinsi Biashara Zilivyobadili Namna ya Kujilinda

Kwa takriban miongo miwili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, usalama wa kompyuta katika biashara ulifahamika kuwa ni suala la mpaka. Mtandao wa ndani wa kampuni ulitenganishwa na intaneti kwa ngome, yaani mtambo au programu inayokaa langoni na kukagua kila pakiti ya data inayotaka kupita, ikiruhusu zinazokubalika na kuzuia nyingine. Na yeyote aliyekwisha kuvuka lango hilo alihesabiwa kuwa mtu wa ndani. Utaratibu uliofuata, ambamo kinacholindwa ni data yenyewe popote ilipo, mara nyingi husimuliwa kama ushindi wa teknolojia mpya juu ya ile iliyochakaa. Kumbukumbu za kipindi hicho zinaonyesha jambo jingine: udhaifu wa ngome ulijulikana mapema kwa wale wale walioijenga, zana za kulinda data zilikuwapo, na kilichokosekana kwa muda mrefu ni hasara ya kutosha kuwalazimisha wakurugenzi kuzitumia.

Hofu iliyozieneza ngome ilianza tarehe 2 Novemba 1988, pale Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alipoachilia mnyoo wa kompyuta, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine, ambao ulikadiriwa kuzikumba kompyuta 6,000 wakati intaneti nzima ikiwa na kompyuta zipatazo 60,000. Miaka miwili baadaye Bill Cheswick wa maabara ya Bell Labs, akieleza katika andiko la kitaalamu lango alilolijenga kati ya mtandao wa kampuni yake na intaneti, aliulinganisha mpangilio huo na kitu cha kutafuna chenye ganda gumu na kiini laini, kwa kuwa mashine zilizokuwa nyuma ya lango zilibaki na udhaifu wake wote. Onyo hilo halikuzuia biashara ya ngome kushamiri. Check Point, kampuni ya Israel iliyoasisiwa mwaka 1993, ilileta sokoni mwaka uliofuata ngome iliyoweza kuendeshwa bila utaalamu mkubwa, na kampuni zikaikimbilia kwa sababu inayoeleweka: kulinda lango moja kulikuwa na gharama ndogo kuliko kurekebisha maelfu ya mashine za aina mbalimbali, na data nyingi bado zilikuwa ndani ya jengo.

Hali hiyo haikudumu. Kompyuta za mkononi zilitoka na wafanyakazi, wauzaji na mafundi wa nje walipewa njia za kuingia, na kila huduma mpya ya wavuti ilidai tundu jingine katika ukuta. Mwaka 2004 wakuu wa usalama wa kampuni kubwa za Uingereza, miongoni mwao David Lacey wa Royal Mail, Paul Simmonds wa ICI na wenzao wa BP na benki ya Standard Chartered, waliunda Jericho Forum, jumuiya iliyotangaza kwamba mpaka wa mtandao unatoweka na kwamba wanunuzi waache kuuziwa kuta zaidi. Kanuni zao 11 za mwaka 2006 zilitaka ruhusa ya kuifikia data iamuliwe na sifa za data yenyewe, na data ilindwe inapohifadhiwa, inaposafiri na inapotumika. Watengenezaji wa ngome waliwapinga, na wengi wa wanunuzi hawakuwasikiliza.

Msukumo wenye nguvu zaidi ulitoka kwa watunga sheria. Tarehe 1 Julai 2003 jimbo la California lilianza kutekeleza sheria iliyoilazimu kampuni kuwaarifu wakazi wake pale taarifa zao binafsi zinapoangukia mikononi mwa watu wasiohusika, isipokuwa kama taarifa hizo zilikuwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kwa hesabu maalumu hadi zisisomeke bila ufunguo. Kifungu hicho kifupi kilibadilisha hesabu za biashara kuliko hotuba zote za wataalamu, kwa kuwa mzigo wa kisheria sasa haukutokana tu na mtu kuingia bali na hali ya data aliyoikuta. Kampuni ambazo zamani zingelimaliza jambo kimyakimya zilijikuta zikiandika barua kwa wateja.

Visa viwili vya kipindi hicho vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mtu yule yule, Albert Gonzalez, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2010 kwa kuhusika na vyote viwili. Mwaka 2007 kampuni ya maduka ya TJX ilitangaza kwamba namba za kadi za benki zisizopungua milioni 45.7 zilikuwa zimeibwa. Wahalifu walipenya kupitia mitandao isiyotumia waya ya maduka, iliyolindwa kwa mfumo wa WEP ambao watafiti walikwisha kuonyesha mwaka 2001 jinsi ya kuuvunja, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba huenda wezi walikuwa pia na zana ya kufumbua data iliyosimbwa. Kisa cha Heartland, kampuni ya New Jersey iliyopitisha malipo ya kadi kwa niaba ya wafanyabiashara, kilitangazwa Januari 2009 na kilifundisha zaidi. Kampuni hiyo ilikuwa imethibitishwa kutimiza kanuni za usalama za sekta ya kadi. Lakini kanuni hizo zilidai data isimbwe inapopita katika mitandao ya umma, si ndani ya mtandao wa kampuni, na ni hapo ndipo wezi walipotega programu iliyosoma namba zikipita wazi. Hati ya mashtaka ilitaja kadi zaidi ya milioni 130 kutoka Heartland na kampuni nyingine. Mkuu wa Heartland, Robert Carr, alianza kupigania vifaa vinavyoisimba namba ndani ya kisomea kadi chenyewe, wakati ule ule kadi inapopitishwa, ili ngome ikivunjwa mwizi asipate cha kusoma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Januari 2010 Google ilitangaza kwamba imedukuliwa, ikaanza kujenga mfumo ambamo mfanyakazi aliyeko ofisini haaminiwi zaidi ya aliyeko hotelini, na mwaka huo huo John Kindervag wa kampuni ya utafiti ya Forrester aliurejea mfano wa Cheswick alipopendekeza mtandao usio na sehemu inayoaminiwa bila kuthibitishwa. Miaka kumi baadaye NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliurasimisha mwelekeo huo katika mwongozo wake wa Agosti 2020.

Kifungu cha California nacho kilisafiri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 haiilazimu kampuni kumwarifu kila mhusika ikiwa data iliyovuja ilisimbwa kiasi cha kutosomeka, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, ina nafuu inayofanana na hiyo. Nafuu hiyo ina masharti mazito. Kama kisa cha TJX kilivyodokeza, usimbaji hauna faida iwapo ufunguo unakaa karibu na data, hivyo swali la nani anaushika ufunguo, na kwa idhini ya nani, limekuwa kiini cha kazi ya usalama. Kabla ya swali hilo kuna jingine ambalo ngome iliruhusu kampuni kulikwepa kwa miaka mingi, nalo ni kuorodhesha data ilizonazo, zilipo na sababu ya kuendelea kuzihifadhi, kazi ambayo hakuna mtambo unaoweza kununuliwa ukaifanya peke yake.