Kiazi cha Veracruz na dawa ya ukomo wa hedhi

Mwanzoni mwa mwaka 1942 mkemia wa Marekani, Russell Marker, alishuka kwenye basi karibu na kijito kinachokatiza barabara ya Orizaba kwenda Córdoba, jimbo la Veracruz, nchini Mexico. Kihispania hakukijua. Alichokuwa nacho ni picha ya mmea aliyoiona katika kitabu cha botania, pamoja na jina walilouita wenyeji, cabeza de negro. Mwenye duka dogo la hapo, Alberto Moreno, alimwelewa hivyo hivyo, na kesho yake akamletea mizizi miwili. Mizizi ikaibwa. Marker akalazimika kumpa polisi chochote ili apate angalau mmoja, na huo mmoja ndio aliorudi nao Pennsylvania.

Mmea wenyewe ni wa jamii ya viazi vikuu, ndugu wa hivi tunavyochemsha na kula huku kwetu pwani. Ndani yake mna kemikali iitwayo diosijenini. Marker alikuwa amegundua namna ya kuigeuza maabara, hatua baada ya hatua, hadi ikawa projesteroni, ileile inayotolewa na ovari za mwanamke yai linapokwisha kutoka.

Kabla ya hapo homoni zilipatikana kwa taabu kubwa. Mwaka 1929 Edward Doisy wa St. Louis na Adolf Butenandt wa Göttingen, kila mmoja kivyake, walitenga estrojeni ya kwanza kutoka kwenye mkojo wa wajawazito. Baadaye Doisy alipoitafuta estradioli, iliyo kali zaidi, alihitaji tani nne za ovari za nguruwe ili apate miligramu 12 tu. Projesteroni nayo iliuzwa takriban dola 80 kwa gramu moja. Kwa bei hiyo, ni mwanamke gani wa kawaida angetibiwa?

Kampuni za Marekani zilikataa kumgharamia Marker. Akaacha kazi ya ualimu chuoni, akaenda Mexico City, akapekua kitabu cha simu na kukuta jina la Laboratorios Hormona. Kwa ushirikiano na wenye maabara hiyo, kampuni ya Syntex ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka uliofuata waligombana, Marker akaondoka, na kazi ikaendelezwa na George Rosenkranz. Bei ya projesteroni ikaporomoka.

Wanaosahauliwa katika simulizi hii ni wakulima wa Veracruz na Oaxaca. Kiazi cha kwanza kilipopata mshindani mwenye diosijenini nyingi zaidi, barbasco, wao ndio waliokichimba msituni, wakakibeba mgongoni, kikakatwakatwa, kikavundikwa na kuanikwa kwenye sakafu za saruji, kisha wakakiuza kwa kilo kwa walanguzi. Wengi hawakujua kinakwenda kutengenezwa nini. Rais Luis Echeverría alipounda shirika la umma la Proquivemex mwaka 1975 ili wapate bei ya haki, kampuni zilikuwa zimeanza kugeukia malighafi nyingine kama soya. Jasho lao lilijenga biashara kubwa duniani, na nadhani wanastahili kutajwa kila mara dawa hizi zinapozungumzwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mwanamke aliyekoma hedhi hakunufaika haraka na projesteroni ile. Ikimezwa hivi hivi, ini huiharibu. Wakemia wakaibadili umbo, na katika dawa walizounda mna medroksiprojesteroni. Estrojeni nayo aliipata kutoka kwa farasi: Premarin, iliyoanza kuuzwa Canada mwaka 1941, hutolewa kwenye mkojo wa farasi jike wenye mimba, na ina estrojeni kadhaa ambazo mwili wa binadamu hauzitengenezi. Iliwasaidia wengi waliokuwa wakipata joto la ghafla na jasho la usiku. Lakini mwaka 1975 tafiti zilionyesha kuwa estrojeni peke yake huongeza saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Ndipo madaktari wakaanza kuiambatanisha na dawa ya jamii ya projesteroni.

Wafaransa walipita njia nyingine. Katika miaka ya 1970 walianza kutumia jeli ya estradioli inayopakwa kwenye ngozi. Mwaka 1980 wakaingiza sokoni projesteroni halisi iliyosagwa hadi chembe ndogo mno, ikatiwa ndani ya mafuta kwenye kapsuli, ili iweze kumezwa. Marekani iliidhinisha kapsuli ya aina hiyo mwaka 1998.

Kisha likaja pigo la Julai 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake 16,608, wenye wastani wa umri wa miaka 63, ulisimamishwa. Waliomeza estrojeni ya farasi pamoja na medroksiprojesteroni walipata saratani ya matiti zaidi, takriban wagonjwa 8 wa ziada kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Habari zikaenea, wanawake wakatupa dawa. Utafiti ulifanywa vizuri. Kosa ni kuichukua hukumu ya mchanganyiko mmoja na kuibandika kwenye dawa zote, hata kwa mwanamke wa miaka 50 asiyelala kwa jasho.

Mwaka 2008 utafiti wa Ufaransa uliofuatilia wanawake zaidi ya 80,000 haukuona ongezeko hilo kwa waliotumia estrojeni na projesteroni halisi, ingawa uliliona kwa wengi waliotumia projesteroni za kuundwa. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa estradioli ya kupaka au ya kubandika haiongezi damu kuganda kama ya kumeza. Huo ni ushahidi wa kufuatilia watu tu, na hausemi kwamba hatari ni sifuri, hasa dawa ikitumika miaka mingi.

Kwa hiyo, mama, ukipewa dawa soma jina kwenye boksi na umuulize daktari kama ni estradioli na projesteroni halisi. Kama bado una kizazi, usitumie estrojeni ya mwili mzima bila projesteroni. Kama umewahi kuugua saratani ya matiti, mwambie kabla ya yote. Na krimu za viazi vikuu zinazouzwa kuwa ni homoni ya asili, usizinunue: mwili wa binadamu hauwezi kuigeuza diosijenini kuwa projesteroni.