Pijo Niliyoipita

Wacha nianze kwa kukiri kosa. Nilienda Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, nikashinda huko kutwa nzima, nikarudi na picha 412. Jaguar, Mercedes za enzi za babu zetu, Ford za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Alfa Romeo nyekundu mpaka macho yanauma. Manze nilikuwa nimejipanga. Nilijua jua la saa sita linachoma picha ya kitu chochote kinachong'aa, kwa hivyo nikafika mapema. Nilijua pia ukipiga picha ya gari ukiwa umesimama wima, gari linakaa dogo kama kipande cha sabuni. Nikapiga magoti kwenye nyasi hadi suruali ikageuka kijani.

Jioni nikampelekea guka simu aone. Guka aliendesha matatu miaka mingi, Nakuru kwenda Nairobi na kurudi. Akapitisha picha moja moja, polepole, bila kusema kitu. Mwishowe akaniuliza:

"Na Pijo?"

Pijo ilikuwepo. Peugeot 504 rangi ya krimu, imeegeshwa mwisho wa laini. Niliiona vizuri sana. Nikaipita, kwa sababu kichwani mwangu Jaguar ni gari la kihistoria na Pijo ni gari mzee tu. Nani alinifundisha hivyo? Sijui. Lakini swali la guka lilinikalia, nikaanza kusoma. Nilichopata ni hiki.

Turudi 1953. Mwaka huo Elizabeth II alitawazwa kuwa malkia wa Uingereza, na katika kusherehekea, wapenzi wa magari huku kwetu wakaanzisha East African Coronation Safari, mbio za kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hiyo ndiyo Safari Rally unayoijua leo. Magari yalitakiwa yawe ya kawaida, vile yalivyotoka dukani, na yaligawanywa kwa bei, si kwa ukubwa wa injini. Yaani mtu anachukua Volkswagen yake ya kuendea kazini, anaizungusha nchi tatu kwenye matope, anarudi nyumbani na story.

Sasa weka hiyo picha kando ya nyingine. Wakati huo huo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 serikali ya kikoloni ikazingira Nairobi kwa msako uliopewa jina Operation Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa na kupelekwa kambini. Kuna watu waliokuwa wakivuka mipaka ya nchi kwa raha zao, na kuna watu ambao kuvuka barabara bila karatasi sahihi kungeweza kuwafikisha kizuizini. Nchi moja, miaka ile ile.

Kwa hivyo ukikutana na gari la miaka ya 50 linang'aa pale Racecourse, lipige picha, ni zuri kweli. Lakini ukichungulia ndani, kumbuka viti vile havikukaliwa na kila mtu.

Sisemi historia hiyo yote ni ya walowezi, la. Chukua Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, akawa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika. Eeh, gari la mtumba! Akashinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Huyo hakuwa mtu wa kupangusa gari na kitambaa Jumapili. Alijua kila boliti.

Na chukua Peugeot yenyewe. Mwaka 1963 mvua iliharibu barabara vibaya sana na ni magari saba tu yaliyomaliza mbio. Mwaka 1968 ikawa hivyo tena, saba tu. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki, na mara zote mbili alikuwa ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania akashinda mfululizo, pia kwa 404. Halafu 1975 ikaja zamu ya 504, ikiendeshwa na Ove Andersson kutoka Sweden. Kama wewe ni mfanyabiashara wa Nakuru unatafuta gari la kubeba watu kwenye barabara mbovu, unahitaji tangazo gani lingine?

Hapo ndipo matatu inaingia. Jina lenyewe lilitoka kwa nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi, na "matatu" kwa Kikuyu ni tatu. Mwanzoni zilikuwa zinabeba watu kwa kujificha. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba zinaweza kubeba abiria bila leseni maalum. Biashara ikalipuka. Na kwa safari ndefu, mfalme alikuwa Pijo 504 ile ndefu, ya safu tatu za viti. 504 ya kwanza ilianza kuuzwa Ufaransa 1968, baadaye ikaunganishwa hapa hapa Kenya. Kiwandani walisema ni ya watu saba. Kwa guka, saba walikuwa wa kuanzia tu.

Guka aliniambia alichobeba. Wanafunzi wa bweni na masanduku yao juu ya keria. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, saa nane usiku, bila kumlipisha. Jeneza juu ya gari na waombolezaji ndani wakiimba hadi kijijini. Gari hilo ndilo lililolipa karo ya mama yangu tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne.

Nikamwomba nione picha yake. Hana. Hata moja. Namba yake anaikumbuka, namba zile za zamani zisizo na herufi mwishoni, kabla hazijabadilishwa 1989. Anakumbuka sauti ya gia ya pili ikipanda mlima. Lakini gari lenyewe liliisha, likauzwa kwa kilo kama vyuma kuukuu, na hakuna aliyeona haja ya kulipiga picha.

Hapo ndipo nilielewa. Pale Concours, majaji wanakagua hadi chini ya gari kuona kama kuna uchafu. Sina shida na hiyo, ndiyo sheria ya mashindano, na Alfa Romeo Owners Club wamekuwa wakiyaandaa tangu 1970. Bila wao magari mengi yangekuwa yameoza. Lakini gari linalobaki safi miaka sitini ni gari ambalo mwenyewe aliweza kulipumzisha. Magari yaliyojenga familia zetu hayakupumzishwa. Yalifanya kazi mpaka yakafa. Kwa hivyo tukipiga picha za yanayong'aa pekee, tunaandika historia ya wachache kisha tunaiita yetu sote.

Maoni yangu ni haya, na unaweza kunipinga. Nenda kwa maonyesho, piga Jaguar yako. Lakini usiishie kwa rangi. Piga pedali iliyolika kwa miaka ya kukanyagwa. Piga mikono ya fundi aliyelifufua, na umuulize sehemu zimetoka wapi. Na ile ndai imesimama mwisho wa laini bila mtu, isimamie.

Wiki mbili baadaye nilimpeleka guka kwenye gereji moja Nakuru ambako bodi ya Pijo imelala, haina magurudumu, kuku wanalala ndani. Akafungua mlango wa dereva, akaketi, akashika usukani. Jua lilikuwa la saa sita, baya kabisa. Nikapiga hivyo hivyo. Hiyo ndiyo picha ya 413, na ndiyo pekee niliyoichapisha kwa karatasi.

Kama kwenu kuna gari limefunikwa na turubai nyuma ya nyumba, mwite aliyekuwa akiliendesha asimame kando yake. Fanya hivyo wiki hii, kabla watu wa vyuma hawajapita na mizani yao.